Kwa Nini Diski C Inakataa Kupanuliwa Wakati D Ina Nafasi Tele

Mstari mwekundu chini ya diski C humfikia karibu kila mtumiaji wa Windows siku moja. Zimebaki GB 3, masasisho yanagoma, programu zinasuasua, na pembeni yake diski D imekaa na mamia ya GB ambazo hakuna anayezigusa. Wazo linalokuja ni la haki kabisa: nichukue huku nipeleke kule. Unafungua Disk Management, chombo cha Windows cha kupanga diski, unabofya kulia kwenye D, unaipunguza kwa GB 100, inakubali. Unarudi kwenye C, unabofya kulia, na maneno Extend Volume, yaani “panua”, yamefifia. Nafasi unaiona kwa macho yako, mstari mweusi kwenye mchoro, lakini C haiwezi kuigusa.

Hapo ndipo wengi hupakua programu ya kwanza wanayokutana nayo mtandaoni na kubofya “endelea” hadi mwisho. Nimeona picha za familia za miaka mingi zikipotea kwa njia hiyo, na iliniuma, kwa sababu sababu ya maneno yale kufifia ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa kwa robo saa. Ukishalielewa, utajua pia ni hatua ipi haina hatari na ni ipi ya kuogopwa.

Patisheni ni mipaka miwili

Tuanze na diski yenyewe. Kompyuta huiona diski kama safu ndefu ya vijisehemu vinavyoitwa sekta, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kwa baiti 512 kila kimoja. Kila sekta ina namba, kuanzia 0 na kuendelea. Patisheni, kama hizo C na D tunazoziita diski, si kitu kingine zaidi ya kipande kimoja cha safu hiyo: inaanza sekta fulani, inaishia sekta fulani, na katikati hapakatiki.

Namba hizo huandikwa kwenye jedwali dogo mwanzoni mwa diski. Mtindo wa zamani, MBR, ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na wote ulikaa ndani ya sekta moja: baiti 446 za msimbo wa kuwashia kompyuta, baiti 64 za jedwali, na baiti 2 za alama ya mwisho. Kila patisheni ilihitaji baiti 16 kwenye jedwali, ndiyo maana zilitosha nne tu. Namba za sekta nazo ziliandikwa kwa biti 32, na hapo ndipo ulipotoka ule ukomo wa takriban TB 2 ambao bado unawasumbua watu wanaoweka diski kubwa kwenye mfumo wa zamani. Mtindo wa sasa, GPT, unaruhusu patisheni 128 kwenye Windows, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni kabisa mwa diski.

Kwa hiyo kubadilisha ukubwa wa patisheni, kwa upande wa jedwali, ni kuandika upya namba moja au mbili. Kazi hiyo haifiki hata sekunde moja. Uzito wote uko kwenye kilichomo ndani.

Ndani ya patisheni kuna mfumo wa faili: NTFS kwenye Windows, ext4 kwenye Linux nyingi, APFS kwenye Mac. Mfumo wa faili una kumbukumbu zake mwenyewe. Unajua una ukubwa gani, vipande vipi vimejaa na vipi viko wazi, na kila faili imekaa wapi. Jedwali la diski halijui lolote kuhusu faili zako, na mfumo wa faili haulisomi jedwali kila mara kuona kama mpaka umehama. Ni daftari mbili zinazotakiwa kukubaliana.

Fikiria shamba lenye uzio. Ukitaka kulipunguza, unavuna kwanza mazao yaliyo ukingoni, ndipo unausogeza uzio ndani. Ukianza na uzio, mazao yanabaki nje na si yako tena. Ukitaka kulipanua, unasogeza uzio kwanza, ndipo unalima eneo jipya. Diski inafuata utaratibu huohuo bila kupindisha: kupunguza, mfumo wa faili kwanza kisha patisheni, kupanua, patisheni kwanza kisha mfumo wa faili. Programu nzuri hulifanya hilo kimyakimya. Anayetumia amri za mkono asipolizingatia hukata mwisho wa mfumo wake wa faili na faili zilizokuwa zimelala pale.

Jambo jingine dogo kabla hatujaendelea, maana huwatia watu wasiwasi bure. Diski iliyouzwa kama GB 500 huonekana kwenye Windows kama GB 465. Hakuna kilichopotea wala hakuna patisheni iliyofichwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inaigawa kwa 1024 mara tatu, na 500,000,000,000 ikigawanywa hivyo hutoa 465 na ushee.

Ukuta ulio katikati

Majuzi nilikaa na rafiki mbele ya kompyuta mpakato yake, diski ni ya hiyo GB 500. Mchoro wa Disk Management, kutoka kushoto kwenda kulia, ulikuwa hivi: kipande cha MB 100 cha EFI, ambacho ndicho kinachoiwasha kompyuta; kisha C yenye GB 120, imejaa pomoni; kisha patisheni ya uokozi ya MB 600 hivi; kisha D, ambayo mwanzoni ilikuwa na GB 345, ndani yake GB 90 tu za faili. Alikuwa amekwisha kuipunguza D kwa GB 100 kabla hajaniita, na swali lake lilikuwa lilelile: mbona C haizioni?

Nilimwomba aweke kidole kwenye ile nafasi mpya. Ilikuwa mwisho kabisa wa mchoro, kulia kwa D. Windows inapopunguza patisheni hukata upande wa kulia tu. Kwa hiyo kutoka C hadi kwenye zile GB 100 kulikuwa na kuta mbili: patisheni ya uokozi, na D yenyewe. Na kwa kuwa patisheni ya kawaida ni kipande kimoja kisichokatika, C haiwezi kuruka na kwenda kushika eneo la ng'ambo. Inaweza kupanuka kwenda mahali pamoja tu: nafasi isiyotengwa iliyogusana nayo upande wa kulia.

Kwa nini kulia tu? Kwa sababu NTFS huhesabu kila kitu kutoka mwanzo wa patisheni. Sekta ya kwanza ndiyo inayobeba maelezo ya mfumo mzima, na anwani ya kila faili ni umbali kutoka hapo. Ukiongeza eneo mwishoni, anwani zote za zamani zinabaki sahihi. Ukisogeza mwanzo, kila anwani inakuwa ya uongo isipokuwa ubebe data yote na kuihamishia mwanzo mpya. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika mada hii, na programu nyingi huificha nyuma ya kishale kimoja cha kuburuta: kuvuta ukingo wa kulia ni kazi ya dakika chache, kuvuta ukingo wa kushoto ni kuhamisha nyumba nzima.

Njia zilizopo, na ninavyozipima

Njia ya kwanza haigusi mpaka wowote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi kabla ya nyingine yoyote. Angalia kwanza ni nini kimeijaza C. Mara nyingi ni folda ya Downloads, video, picha, na faili la hiberfil.sys ambalo Windows hulitumia kuhifadhi kumbukumbu inapolala. Folda za Videos, Pictures na Downloads zinaweza kuhamishiwa D kwa kubofya kulia, kuchagua Properties, kisha Location. Amri ya powercfg /h off huliondoa lile faili la kulala na kurudisha GB kadhaa papo hapo. Ukipata GB 40 kwa njia hii, huna sababu ya kuhatarisha diski.

Njia ya pili ni kuikomboa D yote. Unanakili kilichomo kwenda diski ya nje, unahakikisha kimefika, unaifuta D, unaipanua C, kisha unaiunda D upya ikiwa ndogo zaidi na kurudisha vitu vyako. Inaonekana ya kuzunguka, lakini hakuna hata hatua moja ndani yake ambapo data yako ipo nusu huku nusu kule. Nakala iko kwenye diski ya nje muda wote. Jambo la kuangalia ni programu zilizosakinishwa kwenye D: hizo zitatafuta herufi ileile, kwa hiyo D mpya lazima ipewe herufi D.

Njia ya tatu ni kuhamisha D kwenda kulia kwa programu inayofanya kazi nje ya Windows. GParted ndiyo ninayoiamini. Ni ya bure, unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka hapo, na kwa kuwa Windows haijawaka hakuna faili linalotumika wakati wa kazi. Lakini hesabu muda. D ya GB 345 ikipunguzwa hadi 245 kisha ikahamishwa, GParted itanakili GB 245 zote, hata maeneo matupu. Kwa mwendo wa MB 50 kwa sekunde, kwa kuwa diski moja inasoma na kuandika kwa wakati mmoja, hiyo ni zaidi ya dakika 80. Ndiyo maana unapunguza kwanza hadi kiwango cha chini unachoweza, unahamisha, kisha unapanua tena. Umeme ukikatika katikati ya dakika hizo 80, patisheni iko nusu mahali pa zamani na nusu mahali papya, na hakuna jedwali linaloeleza imefika wapi.

Nani achague ipi? Mwenye diski ya nje achukue ya pili. Ya tatu ni ya asiye na pa kunakili vitu vyote vya D, na hata huyo namsihi atafute angalau mahali pa kuweka vile visivyoweza kupatikana tena: picha, kazi zake za maandishi, nyaraka za ofisi.

Patisheni ya uokozi

Ukuta wa kwanza kwenye kompyuta ya rafiki yangu haukuwa D bali kile kipande cha MB 600. Ndani yake kuna mazingira ya uokozi ya Windows, yale yanayojitokeza kompyuta inaposhindwa kuwaka. Disk Management haikupi njia ya kukifuta. Watu wakikutana nacho ama hukata tamaa, ama hukifuta kwa nguvu bila maandalizi, kisha siku kompyuta inagoma hawana pa kuingilia.

Kuna njia ya heshima. Katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, reagentc /info inakuonyesha uokozi uko patisheni ipi. Kisha reagentc /disable huuzima na kurudisha faili lake kwenye C. Baada ya hapo kipande kile ni ganda tu na kinaweza kufutwa kwa diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski kwa amri za kuandika.

Kuhusu diskpart nitasema polepole, kwa sababu haikuulizi kama una uhakika. Unaandika list disk, unachagua kwa select disk 0, unaandika list partition, na inakupa orodha ya namba na ukubwa. Hapo simama. Usitegemee namba pekee, linganisha ukubwa na mchoro ulioko Disk Management, tena kwa sauti kama uko na mwenzako. Orodha hiyo huwa pia na kipande kidogo cha MB 16 ambacho Disk Management haikionyeshi kabisa, na kwa ajili yake namba zinasogea moja mbele. Anayehesabu kwa macho kutoka kwenye mchoro atachagua patisheni ya jirani. Sisi tulichagua namba 4, tukasoma MB 600, tukaangaliana, ndipo tukaandika delete partition override.

Wanaodhani haya ni mambo ya mafundi tu wakumbuke Januari 2024. Microsoft ilitoa sasisho la usalama la Windows 10 lenye namba KB5034441, lililohitaji nafasi ya MB 250 ndani ya patisheni ya uokozi. Kompyuta nyingi hazikuwa nayo, sasisho likashindwa kwa kosa 0x80070643, na maelekezo yaliyotolewa yalikuwa watumiaji wapunguze C na kuunda upya patisheni ya uokozi kwa amri, mtu wa kawaida na dirisha lake jeusi.

Inapogoma kupungua

Kuna kero nyingine. D ina GB 255 wazi, lakini Windows inakubali kuipunguza kwa GB 40 tu. Au C ya GB 400 ina nafasi tele, nayo inaruhusu GB 12. Sababu ni faili zisizohamishika. Windows ikiwa inafanya kazi, kuna vitu haiwezi kuvisogeza: faili la pagefile.sys linalotumika kama kumbukumbu ya ziada, hiberfil.sys, nakala za kurejesha mfumo, na baadhi ya vipande vya jedwali la NTFS lenyewe. Kimoja tu kikiwa kimelala katikati ya patisheni, kupunguza kunakomea hapo hata kama mbele yake ni kutupu.

Huna haja ya kukisia ni kipi. Baada ya kujaribu kupunguza, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya Application, utafute tukio namba 259. Litakutajia jina la faili la mwisho lililozuia. Zima kwa muda kinacholimiliki, washa kompyuta upya, punguza, kisha rudisha.

Usimbaji, yaani kuifunga data kwa ufunguo wa siri, nao una masharti yake. Kompyuta nyingi za Windows 11 zinakuja na usimbaji wa kifaa ukiwa umewashwa tayari na mwenyewe hana habari. GParted haiwezi kubadilisha ukubwa wa patisheni iliyofungwa na BitLocker, usimbaji wa Windows. Zima usimbaji na uache ufunguke wote kabla ya kugusa chochote, na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 ulioandikwa mahali nje ya kompyuta hiyohiyo. Vilevile, kuzima Windows kwa kitufe cha kawaida mara nyingi si kuzima kamili. Kwa sababu ya Fast Startup, mpango wa Windows wa kuwaka haraka, NTFS inaachwa katika hali ya usingizi, na programu ya nje itakataa kuigusa, na inafanya vizuri kukataa. Amri ya shutdown /s /t 0 huzima kweli.

Kwenye mifumo mingine sheria zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Ext4 inaweza kupanuliwa huku mashine inafanya kazi, lakini kuipunguza lazima iwe imetolewa kwenye matumizi na kukaguliwa kwanza. XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, inapanuka, ila kuipunguza usikutegemee. Panga ukubwa wake tangu mwanzo. Waliotumia LVM, njia ya Linux ya kugawa diski, wana unafuu mkubwa, kwa kuwa pale eneo moja linaweza kuundwa na vipande visivyogusana, na tatizo zima la ukuta wa katikati linatoweka. Apple ilifuata wazo linalokaribiana na hilo ilipoleta APFS mwaka 2017: maeneo kadhaa yanachota kutoka chombo kimoja, kila moja likichukua kadiri linavyohitaji.

Kuhamia diski kubwa

Anayenakili diski ya zamani nzima kwenda SSD ya TB 1 hukuta kompyuta bado inaonyesha GB 465. Mipaka imenakiliwa pamoja na data. Nafasi mpya yote imekaa mwisho, nyuma ya D, yaani hadithi ileile. Tofauti ni kwamba hapa una bahati: diski ya zamani ni nakala kamili mkononi mwako. Chagua ukubwa mpya wakati wa kunakili, kama programu yako inaruhusu, na usiifomati ile ya zamani hadi mpya iwe imefanya kazi siku kadhaa. Kama diski mpya inazidi TB 2 na jedwali ni MBR, badilisha kwanza kuwa GPT. Windows 10 tangu toleo 1703 ina mbr2gpt kwa kazi hiyo, na haifuti data.

Na ikitokea patisheni imepotea baada ya kazi, Windows inaweza kusema diski inahitaji kufomatiwa. Kataa. Usiandike chochote juu yake. Kama kilichoharibika ni jedwali tu, faili bado ziko palepale, na programu ya bure ya TestDisk inaweza kupekua sekta ikitafuta alama za mwanzo wa mifumo ya faili na kuandika upya mipaka. Kama ni uhamishaji uliokatika katikati, TestDisk itasaidia kidogo sana, na kinachobaki ni ile nakala uliyoiweka nje.

Kwa rafiki yangu tulifuata njia ya pili. GB 90 zilikwenda diski ya nje, tukafungua faili kumi hivi za hapa na pale kuona kama zinasomeka, tukaifuta D, tukaondoa ganda la uokozi. Rafiki yangu alidhani kulia kwa C sasa kuna GB 445 zisizotengwa, akijumlisha 345 na zile 100 za mwanzo, nikamsahihisha: D ilishakuwa 245 alipoipunguza, kwa hiyo jumla ilikuwa ileile, 345 na zile MB 600. Extend Volume ikawaka. C ikapewa 100 ikawa 220, GB 1 ikatengwa baada yake kwa uokozi na kupewa namba inayoitambulisha kuwa patisheni ya uokozi, na zilizobaki, 244 na ushee, zikawa D tena. Tukaandika reagentc /enable, halafu reagentc /info, ikajibu Enabled.